Shangazi, nimeanza kusali lakini sijui kama naamini

*Shangazi, shikamoo. Nina miaka 31, ni fundi umeme, naishi Mwanza. Dada yangu aliacha dawa za kifua kikuu baada ya mhubiri mmoja kumuuzia mafuta ya upako na kumwambia ameshapona. Tukamzika. Tangu hapo sikutaka kusikia habari za Mungu. Mwaka jana mama naye akafariki. Wenzangu wawili wa kazini, Wakatoliki, walikuja na jumuiya yao nzima. Walichota maji, wakapika, wakalala matanga, na hakuna aliyenihubiria. Nikaanza kwenda jumuiya Jumamosi asubuhi, mwanzoni kwa heshima tu. Hata wimbo nikiwa siujui, mmoja wao hunisogezea kitabu na kuniwekea kidole kwenye ubeti. Siku hizi nikikosa kwenda naona kuna kitu kimepungua. Usiku najaribu kusali, na mara nyingi naona naongea na ukuta. Wenzangu wanataka nijiandikishe mafundisho ya ubatizo. Naogopa kuwa mnafiki. Halafu najiuliza: namwamini Mungu, au nimewapenda tu watu hawa? – Fundi, Mwanza*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa dada yako, na pole kwa mama.

Nianze na dada, maana barua yako yote inaanzia kwake. Aliyemwambia aache dawa alitenda uovu, na hasira yako juu ya hilo mimi siiti ukosefu wa imani. Ukiuliza Mungu alikuwa wapi siku zile, sina jibu, na atakayekupa jibu la haraka haraka usimkubalie, hata awe rafiki. Ninachoweza kukuambia ni kwamba Kanisa unalolisogelea halimwambii mgonjwa atupe dawa. Bugando, hospitali hiyo unayoiona kilimani kila siku, ni ya maaskofu Wakatoliki. Na katika Biblia yao kuna kitabu cha Yoshua bin Sira, ambamo sura ya 38 inamwelekeza mgonjwa asali, kisha ampe tabibu nafasi yake. Mwambie huyo mwenye kidole chake kwenye ubeti akutafutie ukurasa, usome mwenyewe.

Sasa hili la kuwapenda watu. Mbona unalitaja kama kosa? Katika Marko sura ya 2 kuna mtu aliyepooza, amebebwa na watu wanne, wakatoboa dari la nyumba ya watu wakamshusha. Imeandikwa kwamba Yesu "alipoiona imani yao". Yao, hao waliombeba. Huyo aliyelala kwenye godoro hatuambiwi alikuwa anaamini nini.

Au mchukue Mtakatifu Augustino. Huyu ni Mwafrika mwenzetu, mzaliwa wa Thagaste, Algeria ya leo. Alifika Milano mwaka 384 kufundisha ufasaha wa kusema, akiwa amejaribu mafundisho ya kila aina na kuchoka nayo. Akakutana na askofu Ambrosi. Baadaye alieleza mwenyewe kwamba mwanzoni hakumpenda Ambrosi kama mwalimu wa ukweli, maana alishakata tamaa kwamba ukweli ungepatikana kanisani. Alimpenda kwa sababu alimpokea kwa wema. Basi, ni hilo hilo unaloniandikia wewe kwa aibu! Alibatizwa Pasaka ya mwaka 387, pamoja na Alipio, rafiki yake wa siku nyingi. Akili yote ile, na bado ilimchukua karibu miaka mitatu baada ya kukutana na askofu huyo.

Ila marafiki ni watu. Mmoja atahamishiwa Kahama, mwingine atakukopa asirudishe. Kwa hiyo usibatizwe ili kuwalipa fadhila. Fadhila ya msiba hulipwa kwenye msiba: siku wakifiwa, nenda ukachote maji.

Kuhusu kujiandikisha, nadhani unaliogopa kuliko linavyostahili. Mapadre Weupe, wamisionari Wakatoliki, walipofika kwenye ziwa lenu mwishoni mwa miaka ya 1870, mkuu wao, Lavigerie, aliwaagiza wamwandae mtu kwa miaka minne kabla ya kumbatiza. Minne! Siku hizi muda ni mfupi zaidi na kila parokia ina utaratibu wake, lakini hatua bado zipo, na ya kwanza kabisa ni ya kuuliza tu. Ukiona unataka kuendelea, unapokelewa kuwa mkatekumeni, yaani mtu anayeandaliwa kwa ubatizo, na tangu hapo Kanisa linakuhesabu kuwa mtu wake, kiasi kwamba ukifa kabla ya ubatizo unazikwa Kikristo. Ile "Nasadiki" ya ubatizo utaulizwa siku yenyewe, ambayo kwa mtu mzima kwa kawaida ni mkesha wa Pasaka. Ukifika karibu na siku hiyo ukajiona bado, unasema bado. Katekista anayejua kazi yake hawezi kukufukuza kwa hilo. Na Jumapili wenzako wakipanga foleni ya komunyo, wewe kaa kwenye benchi bila wasiwasi.

Mnafiki ni anayejifanya. Wewe umeniandikia waziwazi kwamba unaona unaongea na ukuta. Unajifanya wapi hapo? Kama maneno yanakupotea usiku, yupo baba mmoja katika Marko sura ya 9 aliyemletea Yesu mtoto wake mgonjwa, akasema, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Najua, mtoto yule alipona na dada yako hakupona. Sala hiyo nakupa kwa ajili ya nusu yake ya pili. Iseme hiyo, kisha ulale.

Wenzako wawili waambie wazi, tena kabla ya Jumamosi: "Nitakuja kuuliza, ila Pasaka siahidi." Kama ni watu wale wale waliokuja msibani, watakuelewa. Halafu mwombe katekista akupeleke kwa padre, umsimulie habari ya dada yako yote, pamoja na mafuta yale na bei yake. Asikie kabla hujaanza, ili ujue unaingia kwa watu gani. Na kama padre huyo naye atakuambia dada yako alikufa kwa upungufu wa imani, niandikie siku hiyo hiyo.