Kwa nini oksini haikurefusha vipande vyako bila RNA mpya

Ndugu mwanafunzi wa kampasi ya Chiromo, umeuliza kwa nini vipande vya shina la soya ulivyovitia oksini (homoni ya ukuaji wa mimea) pamoja na aktinomisini D viliacha kurefuka, ilhali dawa hiyo haigusi ukuta wa seli. Jibu limo katika RNA, yaani nakala za jeni ambazo seli huzitumia kutengeneza protini. Oksini inaposhikamana na kipokezi TIR1, protini za Aux/IAA zinazozuia jeni huvunjwa, na katika dakika chache tu RNA za jeni za SAUR, kundi la jeni linaloitikia oksini upesi, huongezeka; protini zitokanazo nazo huchochea pampu za utando wa seli zisukume protoni (ioni za hidrojeni) nje, ukuta ukapata asidi na kulegea, na seli ikavuta maji na kutanuka. Aktinomisini D huzuia RNA mpya kutengenezwa, na kwa kuwa RNA hizo hazidumu, akiba iliyokuwapo huisha upesi.

Nakusihi uongeze kundi moja lenye dawa hiyo bila oksini, katika bafa (kimiminika kinachoshikilia kiwango cha asidi) ya pH 4 hadi 5, yaani yenye asidi. Likirefuka kwa muda, utakuwa na sababu nzuri ya kusema kwamba ukuta ungali mzima. Kwaruza kwanza ngozi ya nje, maana kutikulo, tabaka la nta lililo juu yake, huzuia asidi kupenya, jambo ambalo wengi hulisahau, na uvae glavu, kwa sababu aktinomisini D ni sumu kali.