Jibu: Albamu ya jukwaani ya kuanzia jazi ya piano

Mkuu, umeuliza albamu gani ya piano, besi na dramu, iliyorekodiwa mbele ya watu, itamfaa mtu anayechoshwa na solo ndefu, yaani mpigaji mmoja kutamba peke yake kwa muda mrefu. Chukua At the Pershing: But Not for Me ya mpiga piano Ahmad Jamal. Ilirekodiwa Januari 1958 katika hoteli ya Pershing, Chicago, na ilikaa kwenye chati za Marekani kwa zaidi ya wiki 100, jambo la nadra sana kwa jazi.

Nyimbo zenyewe ni za zamani, zilizopigwa na kila bendi. Uzuri uko kwenye nafasi anazoziacha Jamal. Anagusa noti chache, ananyamaza, wenzake wanaubeba wimbo, kisha anarudi kwa kishindo. Wakosoaji kadhaa wa enzi hizo waliuona muziki wa baa tu. Hawakusikiliza! Miles Davis, mpiga tarumbeta maarufu wa jazi, alisikiliza, akamsifu waziwazi na hata kurekodi tungo zake.

Usiuruke wimbo wa Poinciana. Una dakika kama nane, lakini huzioni zikipita, maana mpiga dramu Vernel Fournier, mzaliwa wa New Orleans, anapiga mdundo unaozunguka bila kuchosha, na besi ya Israel Crosby imeushika chini yake. Tumia hedifoni nzuri. Kwenye spika ya simu Crosby hasikiki kabisa.

Ukiipenda, nenda kwa mpiga piano mwingine, Bill Evans, Sunday at the Village Vanguard, ya 1961. Hiyo ni tulivu zaidi na inataka subira.