Ndiyo ya Kiingereza na ngazi zake: kwa wanaoanza kazi ya mapokezi Mwanza

Kila aliyekulia katika nyumba ya Kiswahili anajua kwamba kuitikia kuna ngazi. Mama akiita kutoka jikoni, binti huitika "abee" na kijana huitika "naam", na anayejibu "nini?" hukaripiwa kabla hata hajaambiwa alichoitiwa. Mzee akiuliza jambo tunasema "ndiyo, mzee", wala si ile "eeh" ya kijiweni, na "haya" ikivutwa kidogo mwishoni inaweza kusikika kama mtu aliyechoka kuagizwa. Kwa hiyo kijana anayeanza kazi ya kupokea wageni katika hoteli za Capri Point, Isamilo au Kirumba hafundishwi adabu upya. Adabu anayo tayari, na kinachompungukia ni kujua Kiingereza kimeiweka wapi adabu hiyo.

Nimekaa mapokezi kwa miaka kadhaa, nikiwahudumia watu waliokuja kuvuka ziwa, kwenda Serengeti au kufanya shughuli zao mjini, na makosa mengi nitakayoyaeleza hapa niliyafanya mwenyewe kwanza. Jambo nililolielewa kwa kuchelewa ni kwamba Kiingereza hakina neno la kukubali ambalo peke yake hubeba heshima kama "naam" inavyobeba. Heshima yake imo zaidi katika maneno machache yanayofuata baada ya kukubali, na katika sauti. Anayetafuta neno moja la adabu la kukariri atalitafuta sana, wakati anayejifunza kuongeza nusu sentensi atakuwa amemaliza sehemu kubwa ya kazi.

Tuanze na "yeah", kwa kuwa ndilo neno ambalo vijana wengi huja nalo kazini kutoka kwenye filamu na muziki. Si tusi, na Waingereza na Wamarekani hulitumia hata wanapozungumza na wakuu wao wa kazi. Hata hivyo, msimlinganishe anayelitumia akiwa mteja na anayelitumia akiwa mhudumu. Mgeni ambaye amekukuta kwa mara ya kwanza hana kipimo kingine cha kukupima ila maneno yako matatu ya mwanzo, na "yeah" tupu, iliyotamkwa huku macho yakiwa kwenye kompyuta, humwambia kwamba hukumjali. Ushauri wangu ni kuiacha mpaka mgeni mwenyewe awe ameyalegeza mazungumzo, na hata hapo isisimame peke yake. Akiuliza kama kuna mahali pa kuegesha gari, "Yeah, just behind the building" inasikika vizuri kabisa, kwa sababu sehemu ya pili imeonyesha kwamba umelisikiliza swali lake na unataka afike.

"Yep" ni kavu zaidi. Hufungwa kwa midomo kubanwa mwishoni, kama mlango unaosukumwa, na ilianza kuonekana katika maandishi ya Marekani katika karne ya 19 pamoja na mwenzake "nope". Wafanyakazi wenzako wanaweza kuitumia wanapobebeana mizigo, lakini kwa mgeni mzima wa umri iacheni. "Uh-huh" na "mm-hmm" ziko karibu sana na "mhm" yetu, nazo zinafaa kwenye simu ili anayezungumza ajue bado upo na unasikia. Zikitumiwa kama jibu la swali zinaonyesha uvivu wa kufungua mdomo. Mtawasikia pia Wamarekani wakijibu "thank you" kwa "mm-hmm" au "sure", nao hawamaanishi dharau yoyote, kwa hiyo msiudhike. Na mkisikia "aye", aghalabu mgeni ametoka Uskoti au kaskazini mwa Uingereza, ambako hiyo ni ndiyo ya kawaida. Ndilo neno linalotumiwa pia katika Bunge la Uingereza wakati wa kupiga kura, kama wabunge wetu wanavyoitikia "ndiyo" Spika anapowahoji.

Jambo lililonigharimu mimi zaidi ni kurudia. Kwa Kiswahili, neno likirudiwa hupata nguvu, na "sawasawa" au "ndiyo, ndiyo" humpa msemaji uhakika kwamba tumeelewana. Nilidhani Kiingereza nacho kiko hivyo. Mama mmoja mtu mzima alikuwa akinieleza kuhusu chakula asichoweza kula, nami kwa moyo mweupe nikawa nasema "yes, yes, yes" kila anapotua pumzi. Alinyamaza, kisha akaniuliza kwa upole kama alikuwa ananisumbua. Nilishangaa, kwa maana nilikuwa nikimheshimu kwa kadiri ya uwezo wangu. Baadaye mwenzangu mwenye uzoefu alinieleza kwamba "yes, yes" na "yeah, yeah" zikisemwa upesi katika Kiingereza huwa na maana ya mtu anayetaka mwenzake amalize aondoke. Tangu siku hiyo husema "yes" moja, polepole, kisha narudia alichosema mgeni: hakuna karanga, hakuna maziwa, nitawaambia jikoni.

Kuna maneno mengine ambayo vitabu huyaorodhesha kama ya adabu, na kweli ni ya adabu, lakini kila moja lina mahali pake. "Certainly" ni ya mhudumu hasa, na haina hatari nyingi. "Absolutely" ina uchangamfu, ila ikitumiwa kwa kila swali hupoteza thamani. "Sure" ni ya Kimarekani zaidi na ni nyepesi. Ikitamkwa kwa uso mkunjufu ni nzuri, ikitamkwa bila uso huo husikika kama mtu aliyekubali shingo upande. Linalohitaji uangalifu kuliko yote ni "of course". Mgeni akikuomba jambo, kwa mfano umsaidie kupandisha begi, "of course" ni jibu la ukarimu, kwa kuwa lina maana kwamba hakuhitaji hata kuomba. Lakini akikuuliza habari asiyoijua, kwa mfano kama kivuko cha Kamanga huchukua magari, "of course" humwambia kwamba ameuliza jambo ambalo kila mtu analijua, yaani kwamba ni mjinga. Neno ni lile lile na sauti ni ile ile. Kilichobadilika ni kama ameomba au ameuliza. Kwa ombi litumieni bila woga, na kwa swali jibuni "Yes, it does".

Jibu hili fupi la "it does", "we do", "there is" lisiwatishe, kwa sababu Kiswahili kinalo tangu zamani. Mtu akiuliza dukani kama kuna sukari, muuzaji hasemi "ndiyo", husema "ipo". Ukiulizwa kama umekula, unajibu "nimekula". Tunarudisha kitenzi kwa muulizaji, na jibu hilo tunaliona kamili kuliko "ndiyo" iliyoachwa yatima. Kiingereza hufanya karibu jambo hilo hilo, isipokuwa hurudisha kile kitenzi kidogo cha kusaidia kilicholianza swali. Mgeni akisema "Do you have hot water?" nawe ukajibu "Yes, we do", umemjibu kama muuzaji wetu aliyesema "yapo". Na anapokuwa yeye ndiye anayekaribishwa kitu, atasema "Yes, please". Siku ukiwa wewe umekaribishwa chai na mgeni, nawe sema hivyo hivyo, kwa maana "yes" peke yake hapo huwa kama kunyoosha mkono bila kusema asante.

Sasa nifike kwenye maswali ya kukanusha, ambayo huleta hasara ya kweli. Kiswahili hujibu kwa kukubaliana na maneno ya muulizaji: ukiulizwa "Hujala?" nawe hujala, unasema "ndiyo, sijala". Kiingereza hakiangalii maneno ya muulizaji bali ukweli wa jambo lenyewe, na kama hujala jibu ni "no". Mgeni mmoja aliyetaka kwenda Kisiwa cha Saanane aliniuliza "Isn't there a boat this afternoon?" Siku hiyo boti ya mchana haikuwepo, nami nikajibu "yes", nikiwa na maana ya "ndiyo, haipo". Yeye akaelewa kwamba ipo, akateremka hadi ufukweni na watoto wake wawili, wakakaa juani zaidi ya saa nzima. Aliporudi hakuwa na hasira, alikuwa amechoka tu, na hilo liliniuma zaidi.

Tatizo hili si letu peke yetu. Zamani Kiingereza chenyewe kilikuwa na ndiyo mbili: "yea" ilijibu swali la kawaida, na "yes" ilijibu swali la kukanusha, ili kumsahihisha muulizaji. Vivyo hivyo kulikuwa na "nay" na "no", na katika karne ya 16 Thomas More alimlaumu William Tyndale, mtafsiri wa Agano Jipya, kwa kuzichanganya hizo mbili. Wafaransa bado wanalo neno "si" kwa kazi hiyo, na Wajerumani wanalo "doch". Waingereza waliiacha tofauti hiyo, wakabaki na "yes" moja inayofanya kazi zote, na ndiyo maana hata wao wakati mwingine hulazimika kuongeza maneno ili waeleweke. Dawa yake ni rahisi: kwa swali lolote lenye "isn't", "don't" au "haven't", msijibu kwa neno moja kamwe. Semeni jambo zima: "There is no boat this afternoon, I'm sorry. The next one is tomorrow morning." Hapo hata ukikosea "yes" na "no", sentensi itakuokoa.

Karibu na hapo kuna "Do you mind?" na "Would you mind?" Mgeni akiuliza "Would you mind if I left my bag here?" anauliza kama utaona vibaya, kwa hiyo "yes" ina maana kwamba utaona vibaya. Jibu la kukubali ni "Not at all", ukimwonyesha pa kuliweka.

Lipo jingine ambalo halihusu sarufi. Sisi husema "ndiyo" kwa mkubwa hata pale tunapomaanisha tu kwamba tumemsikia. Ni heshima, na mkubwa wa kwetu huelewa kwamba jambo lenyewe bado litafikiriwa. Mgeni akisema "Can we have breakfast at five?" nawe ukajibu "yes" kwa sababu unaona vibaya kumkatalia mtu mzima, yeye ameshapokea ahadi. Ataamka, atashuka na kukuta jiko limefungwa. Kama huna hakika, adabu ya Kiingereza inakuruhusu kusema hivyo waziwazi: "Let me ask the kitchen and I'll call your room." Hiyo si kukataa, na hakuna mgeni niliyemwona akikasirika kwa kuambiwa hivyo, mradi simu ile ipigwe kweli.

Kwenye maandishi, uso na sauti havipo, kwa hiyo yote niliyosema yanazidi uzito. "OK" imo duniani tangu 1839, ilipochapishwa katika gazeti moja la Boston kama ufupisho wa mzaha wa "all correct" iliyoandikwa kwa makosa, na leo inafaa karibu kila mahali. Lakini ikiwa ndiyo jibu zima la barua pepe ya mgeni aliyeandika aya tatu, inamkata moyo, na "K" peke yake isiandikwe kwa mgeni kabisa. "Noted", ambayo maofisi yetu huipenda sana, ni ya mkubwa kwa mdogo. Ninyi andikeni "Thank you, we have noted that you will arrive on Friday evening", mkitaja siku na saa, kisha someni tena siku hiyo na saa hiyo kabla ya kutuma.