Kifaa kikiandika VF, usiamini bado

Wadogo zangu mnaoanza kliniki ya vifaa vya kushtua moyo hapa Dodoma, lishikeni hili mapema: kifaa hakijui ugonjwa, kwanza kinahesabu kasi. Kikiandika VF, yaani mtetemo hatari wa vyumba vya chini vya moyo, maana yake muda kati ya pigo na pigo umeangukia kwenye ukanda wa kasi tuliokipangia. Gawanyeni 60,000 kwa milisekunde mnazoziona: 300 ni mapigo 200 kwa dakika.

Someni mchoro wa umeme wa moyo uliohifadhiwa na kifaa, kuanzia kabla kasi haijaanza. Kifaa kikiwa na waya kwenye chumba cha juu cha moyo na mwingine kwenye cha chini, linganisheni vyumba. Vya chini vikipiga mara nyingi kuliko vya juu, hiyo karibu kila mara ni takikadia ya ventrikali, yaani kasi inayoanzia vyumba vya chini. Vya juu vikizidi, fikirieni kasi ya atria, yaani vyumba hivyo vya juu, hasa mapigo ya chini yakiwa hayana mpangilio. Kazi ipo mapigo ya juu na ya chini yanapolingana. Kasi iliyopanda polepole huenda ni ya mtu aliyekuwa analima juani Kondoa. Iliyoruka ghafla kwa kuanzia na pigo la chini, iogopeni.

Halafu muulizeni mgonjwa alikuwa anafanya nini, na saa ngapi. Chukulieni mkulima wa zabibu wa Hombolo aliyepigwa shoti na kifaa chake akiwa ameshika bomba la pampu ya kisima. Kifaa kimeandika VF. Ukikuza mchoro unakuta meno madogo yamebanana kwenye njia zote za kurekodi, moja kila milisekunde 20, kwa kuwa umeme wetu ni wa 50 Hz. Katikati ya meno hayo mapigo yake mwenyewe yanapita kwa utulivu, 80 kwa dakika. Moyo wake saa hiyo haukuwa na tatizo. Pampu inavujisha umeme. Mkimwongezea dawa mnamwonea, na akirudi shambani atapigwa tena. Anayehitajika ni fundi umeme.

Lakini msikimbilie kusema umeme. Kelele, yaani meno yasiyotoka kwenye moyo, zikionekana kwenye njia ya waya wa kuhisi mapigo peke yake, zikija na kupotea, na ukinzani wa waya umepanda ghafla, huenda waya umekatika ndani. Huyo haruhusiwi kwenda nyumbani. Mlazeni, mwambieni daktari bingwa mara moja, na shoti za kifaa zikizimwa awe kwenye monita muda wote, mashine ya kushtua ya nje ikiwa tayari kando ya kitanda.