Sendoff Desemba, risachi ipo sura ya tatu, nifanyeje Shangazi?

*Shangazi shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Mwanza, nina miaka 29, nakaa Nyakato. Nasoma masters ya elimu, madarasa nimemaliza, imebaki risachi na data zangu zinatakiwa zitoke kwenye shule za Ukerewe. Mwezi wa sita mchumba wangu alileta mahari, sendoff imepangwa tarehe 12 Desemba hapa Mwanza na harusi tarehe 27 kwao Geita. Tangu hapo sina Jumamosi wala Jumapili. Mara kikao, mara kwenda kuona ukumbi, mara kitambaa cha sare, mara mafundisho ya ndoa. Dada yangu mkubwa ndo mwenyekiti wa kamati, nisipotokea anasema naringia usomi. Bajeti ni milioni 12, ahadi milioni 9, zilizoingia milioni 3 na laki 2, na kuna mtu ananishauri nichukue mkopo nijazie. Supavaiza anauliza data ziko wapi. Usiku naota niko kanisani na gauni afu mchungaji ananiuliza maswali ya difensi, ule utetezi wa risachi. Nafikiria niahirishe masomo mwaka mmoja mambo yatulie. Halafu mwenzangu anataka Januari nihamie Geita. — Binti wa Nyakato*

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, ya kwanza nilikuwa kwenye daladala ya Igoma, nilipofika kwenye mchungaji na difensi nikacheka peke yangu mpaka konda akanigeukia. Ya pili nikaisoma nyumbani na kalamu mkononi. Vikao, ukumbi, sare na dada yako wamepata mistari na mistari, kuhamia Geita kumepata sentensi moja tu, tena ya mwisho, tena imeanza na "halafu" kama mtu aliyekumbuka chumvi akiwa ameshafika getini kwake. Hiyo halafu yako tutairudia.

Tuanze na kuahirisha. Usiahirishe. Na hapa sikupi hekima ya kitabuni nakupa aibu yangu mwenyewe, maana na mimi nilikuwa na diploma yangu ya juu, dodoso nilishazigawa na kuzikusanya zote, kama 80 hivi, nikaolewa, nikasema nitaandika sura ya nne, ile ya matokeo, mambo yakitulia. Zile karatasi niliziweka kwenye boksi la sabuni nikahama nalo kwenda ukweni, likakaa uvunguni, akaja mtoto, likahamia stoo, akaja wa pili. Siku moja wifi yangu, ambae alikuwa anauza maandazi asubuhi pale kwenye kona, akanipa mawili ya moto nile na chai, nafungua karatasi imeloa mafuta naona mwandiko wangu, "Dodoso Na. 43", na majibu ya yule mama wa watu niliyemsumbua saa nzima kwenye jua. Wifi hakuwa na kosa, aliona karatasi za zamani. Nililila lile andazi, ningefanyaje, ila hiyo diploma mpaka leo sina. Hayo mambo yanayosubiriwa yatulie, mi nimeolewa miaka mingi sasa na bado hayajatulia.

Sasa kalenda yako, kwa sababu naona unaogopa Desemba wakati wa kuogopa ni Oktoba. We ni mwalimu unajua kuliko mimi, shule zimeshafunguliwa mwezi wa saba, Novemba kidato cha nne wako kwenye mtihani wa taifa, kidato cha pili nao huwa hapo hapo jirani, hakuna mkuu wa shule atakayekuachia walimu wake ukae nao na dodoso wakati anahangaika na usimamizi, na Desemba mapema zinafungwa. Kwaio data zako zina Agosti na Septemba, basi. NECTA hawawezi kusogeza mtihani kwa ajili ya sendoff yako lakini kikao cha kamati kinasogezeka, tena nijuavyo vikao vya Mwanza, cha saa kumi kinaanza saa kumi na mbili, na ile nusu saa ya kwanza ni kuagiza soda.

Na barua ya utambulisho ya chuo usiibebe siku ya safari ukadhani inatosha. Inapita kwa Katibu Tawala wa Mkoa, inashuka wilayani, inaenda kwa mkurugenzi wa halmashauri, ndo uende nayo shuleni, na kila meza ina mtu ambae leo yupo semina. Ianze wiki hii. Meli ya Nansio, bandari ya huko Ukerewe, ni masaa matatu na zaidi kwenda tu, hiyo sio safari ya kwenda na kurudi jioni uwahi kikao, omba ruhusa kwa mkuu wako ukae kule wiki nzima ufanye shule zote kwa mpigo, laptopu uifunge kwenye mfuko wa nailoni.

Dada yako. Huyu hana ubaya, huyu anaona wewe ndo mwenye shughuli kwahiyo unatakiwa uonekane. Ila sendoff ina mwenyekiti, ina katibu, ina mweka hazina, ina mama zako wadogo na grupu la WhatsApp lenye watu 140 wanaotuma maua asubuhi, na hiyo risachi ina wewe. Sura ya nne hakuna shemeji wala jirani atakayeiandika. Mwite dada, mkae wawili bila kamati, umwambie dada mimi naomba niamue vitu vitatu tu, gauni langu, rangi, na nani anakaa meza kuu, vingine vyote nimewaachia na sitonung'unika. Hapo kwenye kutonung'unika ndo pagumu, maana utaona picha ya keki utasema mbona ya bluu hivi. Nyamaza. Kwenye vikao akuwakilishe mama mdogo mmoja mwenye sauti, wewe njoo cha mwanzo wa mwezi na cha mwisho kabisa. Atakusema wiki mbili, usomi umempanda kichwani, atachoka. Mafundisho ya ndoa hayo nenda yote, hayo ni ya kwenu wawili na hayana mwakilishi.

Mkopo usichukue! Mi nimekuwa mweka hazina wa harusi mara nne, na ahadi za midomoni nikizipokea nakata theluthi kabla sijaanza kuhesabu, na bado huwa napungukiwa. Sasa we una milioni 3 na laki 2 mkononi unapanga ya milioni 12. Mwambieni mpambaji apunguze, watu 250 wawe 150, kadi za dabo ziwe chache, ukumbi wa bei ndogo upo, hata uwanja wa nyumbani na turubai upo na sato wa Mwaloni ni yule yule. Hao wakopeshaji wa kausha damu ukiwachukulia laki saba leo utaingia kwenye nyumba ya mume na rejesho la kila wiki ambalo hajui, na siku atakapojua hatokumbuka kwamba lilikuwa la mapambo.

Haya, Geita. Kiukweli mi naona hii ndo inakunyima usingizi, hivo vikao unavisingizia. Umeandika "anataka nihamie", hukuandika tumekubaliana, wala hukuandika na mimi nataka. Hili mmeliongelea lini? Sio kwenye meseji saa sita usiku mtu amechoka, namaanisha mmekaa mkaliongelea. Maana kuna maswali pale hayana jibu la haraka. Kama ajira yako ni ya serikali, uhamisho wa kumfuata mwenza upo na watu wanaupata, lakini wanataka cheti cha ndoa, na cheti chako kinaanza kuwepo tarehe 27 Desemba, sasa utakuwaje umeshahama Januari? Kama ni shule ya mtu binafsi basi ni kuacha kazi ukaanze kutafuta nyingine, na hapo ada ya semista iliyobaki analipa nani? Yeye anajua kama bado una difensi? Anajua ni lini? Wanaume wengi ukiwaambia nimemaliza madarasa wanaelewa umemaliza shule, na huo sio ukorofi, hawajaambiwa tu.

Mi ningekuwa wewe ningemwambia hivi, baba nipe mpaka mwezi wa sita. Nikae Nyakato nimalize kuandika, maombi ya uhamisho yawe yanatembea, Ijumaa nikitoka shule nakuja, wiki nyingine wewe unakuja. Zamani ningeona huruma kukwambia hivo, pale Kigongo ukifika jioni unakuta foleni ya kivuko unakaa unaangalia wauza mahindi mpaka giza. Sasa daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa tangu 2025, kilomita 3 juu ya maji, unavuka kwa dakika chache, Geita sio safari ya kuagana na kulia tena. Atakachojibu, namaanisha na sura atakayoweka wakati anajibu, kiangalie vizuri. Akisema sawa tupange, umepata mtu. Akisema masters ya nini wakati unaolewa, mwanangu, ni heri umelisikia Agosti.

Na mjukuu najua watauliza, hujaandika ila watauliza, hata keki haijaisha. Hilo nalo liongeleeni wawili kikao hicho hicho. Likizo ya uzazi kisheria ni siku 84 kazini, supavaiza yeye atakuambia pole na hongera afu atauliza data ziko wapi.

Jina usihangaike kubadilisha sasa hivi, hakuna sheria inayokulazimisha, vyeti vyako tangu kidato cha nne vina jina la baba yako, acha na cha masters kitoke hivo hivo ndo uanze kufikiria.

Ukipanda meli ya asubuhi beba kitenge cha kujifunika, ule upepo wa ziwani huwa haubembelezi. Na mwambie mweka hazina wenu aniandike ahadi ya elfu hamsini, kadi singo inanitosha, ila hela naitoa siku utakayonitumia sura ya nne, hata kama ina makosa.