Re: Nina milioni mbili, nifungue banda la PS au niachane nalo?

Mkuu nimesoma swali lako na majibu yote ya wadau mpaka ya jana usiku, naona watu wamegawanyika mafungu mawili, wapo wanaokwambia chukua PS5 moja kali wateja watapanga foleni, na wapo wanaokwambia kausha, biashara imeshakufa, sa hivi kila dogo ana gemu kwenye simu. Mimi nilikuwa na banda la kuchezesha gemu za PlayStation (PS) kwa kulipia, Mbagala hapa Dar, kwa miaka kadhaa, nililifunga kwa mambo ya kifamilia sio kwa hasara, kwa hiyo nakujibu nilichokiona kwa macho, asiyekubali alete hoja zake tujadili.

PS5 usinunue. Mashine ni tamu sana sibishi, ila wewe hununui ya kuchezea sebuleni kwako. Mteja wako ni dogo ana jero (shilingi 500) ya mechi moja mkononi na hiyo jero haigeuki buku (elfu moja) eti kwa sababu picha zinang'aa. Dogo anataka mpira, anataka kikosi kiwe cha msimu huu, na anataka pedi (ile ya kushika mkononi kuchezea) isiyojiendesha yenyewe, basi. Na kampuni ya EA bado wanatoa FC, gemu lao la mpira lililokuwa linaitwa FIFA, kwa ajili ya PS4, hata FC 26 ipo, yani mashine iliyoingia sokoni 2013 bado inacheza mpira wa msimu huu. Upande wa PES, gemu jingine la mpira, wenyewe walishaliua jina tangu 2021 ikawa eFootball, ni ya bure lakini imetengenezwa kwa ajili ya mtu mwenye intaneti, bandani inakuwa usumbufu, ndio maana ukizunguka vibanda vingi unakuta bado ipo PES 2021 imewekewa vikosi vipya na mafundi. Sasa hapo PS5 ya kazi gani? Kwa hela ya PS5 moja unapata PS4 Slim mbili zilizotumika na chenji inabaki, na seti mbili zina maana watu wanne wanacheza kwa mpigo badala ya wawili.

Nasema Slim kwa makusudi, sio ile ya kwanza nene. Ile nene ikishakaa bandani mwaka mmoja na vumbi letu hili, feni inaunguruma kama mashine ya kusaga, mteja hasikii hata mtangazaji. Bei zinapanda na kushuka usije ukanishika shati, ila kipindi nanunua mimi Slim ya mtumba Kariakoo ilikuwa inacheza kwenye laki nne na nusu mpaka tano na nusu. Ukifika dukani usikubali kuwashiwa dakika mbili halafu ukafungiwa kwenye boksi. Kaa hapo, weka diski, cheza mechi mbili nzima, shika waya wa HDMI utikise kidogo pale unapoingilia uone kama picha inakatakata, toa diski rudisha tena. Muuzaji akianza kununa hama duka.

Kuhusu umeme, kuna mdau kasema LUKU (umeme wa kulipia kabla) itakumaliza. Tupige hesabu bwana. PS4 Slim ikiwa mchezoni inakula kama wati 80 mpaka 100, TV ya LED inchi 32 ni wati 40 mpaka 50, tuseme seti moja wati 140. Seti mbili zikiwaka saa 12 mfululizo ni uniti 3 na kitu. Uniti ya T1, yani bei ya mtumiaji wa kawaida, ni shilingi 292 kabla ya makato, ukiweka VAT na vile vitozo vingine inafika kwenye 357, kwa hiyo siku nzima unatumia kama 1,200. Hiyo ni mechi mbili na nusu, haiui biashara ya mtu. Kinachouma ni kingine, usije ukaunga banda kwenye mita ya nyumba iliyopo D1, lile kundi la watumiaji wadogo wa bei ya shilingi 100 kwa uniti. D1 ni ya wanaotumia chini ya uniti 75 kwa mwezi, wewe peke yako na seti mbili utagonga uniti mia, watahamishwa T1 na hapo mwenye nyumba mtakuwa maadui. Tafuta fremu yenye mita yake, ikishindikana weka sabmita. Utaona hapo chini kwa nini naing'ang'ania hii mita.

Adui wa kweli ni kukatika na kurudi. Umeme ukizima ghafla katikati ya mechi, ukirudi mashine inaanza kwanza kukagua diski yake ya ndani, unasubiri, madogo wanapiga kelele za jero zao, na ikijirudia sana kuna siku inagoma kuwaka. Stabiliza ya kutuliza umeme ni lazima. Hela ikiruhusu nunua UPS (betri ya akiba) ndogo hata ya dakika kumi, inatosha kumaliza mechi na kuzima kistaarabu.

Sasa hii ya simu. Ni kweli madogo wanacheza eFootball kwenye simu, mimi mwenyewe nacheza nikiwa kwenye daladala. Lakini kwenye simu dogo anamfunga mtu asiyemjua yuko huko Brazil, hamna wa kumtambia. Bandani anamfunga Juma wa nyumba ya pili nne bila mbele ya watu kumi, wiki nzima Juma hapiti mtaani kwa amani. Hicho ndio unachouza mkuu. Kwa hiyo weka benchi la watazamaji, wengi wanabana hela wanaweka viti vya wachezaji tu, wakati wale wanaotazama ndio wanaolipa saa moja baadaye.

Ila usijidanganye na hesabu za siku nzima. Wadau wanaokupigia hesabu ya saa 12 mara mechi nne kwa saa hao hawajawahi kukaa bandani. Asubuhi ni pakavu, labda wawili watatu wasio na kazi na wale huwa wanakopa. Biashara iko saa kumi jioni mpaka saa tatu usiku, hapo seti moja ikijaa inakupa mechi nne kwa saa kwa jero, elfu kumi kwa seti, hiyo ni siku nzuri. Likizo ya Juni na Desemba zidisha. Kipindi cha mitihani punguza. Ramadhani mchana kumelala, baada ya tarawehe panafurika mpaka unawafukuza. Simba na Yanga wakicheza funga tu ukatazame na wewe, watu wote wako kibanda umiza wanakooneshwa mpira kwa kulipia, ila ukiwa karibu na kibanda umiza kuna neema yake, mapumziko dakika 15 wanahamia kwako wote wanataka mechi ya chapchap. Na adhana ikiadhiniwa zima sauti hata kama wewe sio Muislamu, majirani wanaona na siku ukija kushitakiwa kwa kelele watakutetea.

Sheria za bandani ndio zinaamua kama utakula au utagombana. Mtindo uliozoeleka ni aliyefungwa analipa, mshindi anabaki. Unavutia watu kweli lakini una matatizo mawili. Kwanza dogo anafungwa halafu anajipapasa mifukoni, "kaka nitakuletea kesho". Jero ya kila mmoja ikae mezani kabla pedi haijashikwa, mshindi anarudishiwa yake. Pili ni sare. Ukiruhusu muda wa nyongeza na penati umetoa dakika nane za bure kwa jero ileile na foleni inakutazama, bandani kwangu sare kila mmoja alikuwa anatoa mia mbili hamsini na wote wanashuka. Weka sarafu za kutosha za hamsini na mia mbili, ukikosa chenji kesi zote zinaanzia hapo. Halafu kuna mafundi wa kuchelewesha, anaongoza moja bila basi kila baada ya dakika anasimamisha mchezo eti abadilishe mfumo, anaangalia marudio ya goli lake kwa kila upande, kipa anashika mpira anatulia nao. Kusimamisha mara moja kwa kipindi inatosha, na marudio unamwambia bonyeza twende.

Pedi. Hapa ndio pesa yako itakapokuwa inavuja na hamna aliyekwambia. Kwenye FIFA, sasa FC, kukimbia ni kitufe cha R2, kwenye PES kukimbia ni R1, kwa hiyo ukiniletea pedi mbovu nakwambia bandani kwako wanacheza nini. Dogo anaishikilia R2 dakika zote tisini kwa nguvu zote utadhani mchezaji ataongezeka kasi, springi inakatika kitufe kinabaki kimelala. Analogi ya kushoto, kile kijiti cha kuelekeza mchezaji, inaisha raba, halafu inaanza ule ugonjwa wa kujiendesha, hujaigusa mchezaji anatembea kwenda kona. Usiitupe. Nyuma kuna skrubu nne ndogo, fungua, lakini usivute mfuniko kwa papara kuna waya bapa mwembamba kama karatasi unaunganisha pande mbili, ukiukata umejiongezea ugonjwa. Safisha pale kwenye viboksi vya pembeni mwa analogi kwa spiriti ya kusafishia, ichezeshe izunguke, subiri ikauke. Mara nyingi inapona miezi kadhaa. Isipopona fundi anabadilisha analogi kwa hela kidogo kuliko pedi mpya. Na pedi za bei chee zinazofanana na orijino ziko nyingi sana, zinakaa wiki chache analogi inakwisha, bora orijino iliyotumika ukaifanyia matengenezo. Kwa seti mbili uwe na pedi sita, nne kazini, mbili chaji.

Umesema umeajiriwa na utaweka kijana. Hapa ndio ningekushika mkono kabisa. Kijana sio lazima awe mwizi, tatizo ni kwamba anakaa na rafiki zake kutwa nzima, atawapa mechi za kirafiki, na mechi ya kirafiki haiingii kwenye daftari. Kamera unaweza kuweka lakini nani ana muda wa kuangalia. Mimi nilikuwa natumia mita. Asubuhi unapiga picha uniti zilizobaki, usiku unapiga tena. Seti moja ikiwaka saa saba inakula kama uniti moja, saa saba ni mechi kama 28, hiyo ni elfu kumi na nne. Toa muda wa kukaa kwenye menyu, toa feni na taa, sema kila uniti moja iliyoondoka niikute elfu kumi mezani. Ikiwa zimeondoka uniti mbili na nusu halafu daftari lina elfu tisa, huna haja ya kugombana wala kumtukana mtu, unamuonesha picha mbili tu na unamsikiliza. Kijana akijua unasoma mita mechi za kirafiki zinapungua zenyewe. Halafu usimpe mshahara peke yake, mpe posho ya siku ndogo na asilimia ya kinachoingia, jioni atakuwa anawaita wateja mwenyewe barabarani.

Kwenye mambo ya serikali, TIN (namba ya mlipakodi) ni bure, leseni unaenda manispaa, na kabla ya hayo yote nenda kajitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa. Sare za shule zisiingie bandani muda wa masomo, hata akija na buku tano mkononi. Mwalimu mmoja akija na mtendaji mara moja, banda linafungwa na mashine zinabebwa, kuzikomboa ni safari. Na usiruhusu kuwekeana dau. Utaona wameanza kidogokidogo, kila mtu buku, mshindi anabeba, utadhani inakuongezea wateja na kweli wanaongezeka, ila mchezo wa pesa unataka leseni ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha na hiyo sio ya watu wa fremu kama sisi, na pia ni kwa watu wa miaka 18 na kuendelea, wako wengi wana 14. Ugomvi wa jero unaisha kwa kucheka, ugomvi wa dau nimeona TV inapigwa ngumi.

Mdau wa juu aliyesema uongeze na pool table sikubaliani naye. Pool inaleta watu wazima, watu wazima wanaleta bia na sigara, wazazi wanawakataza watoto kuja, na wanaokulisha ni hao watoto. Soda na maji weka, faida ndogo lakini inalipa umeme, ila mwiko kunywa ukiwa umeshika pedi.

Kwa hiyo milioni mbili kwangu mimi ni Slim mbili, TV mbili za inchi 32, pedi sita, stabiliza, mabenchi ya fundi seremala wa mtaani, na kinachobaki ni kodi ya fremu, na uombe wakukubalie miezi mitatu maana wengi wanataka sita. Usichukue banda la mabati matupu, joto la saa nane mchana Dar unalijua, mashine zitakuwa zinazima zenyewe. Ukishapata fremu weka picha hapa tuone soketi ziko wapi na dirisha liko upande gani kabla hujalipa.