Kwa nini dume la pengwini kaisari ndilo linalolalia yai

Umeuliza kwa nini jike akishataga tu anaondoka. Ni njaa. Hajala tangu arudi koloni (mahali kundi la pengwini linapozalia), na yai la karibu gramu 450 limemkausha, kwa hiyo anarudi baharini kula na kujaza tena mafuta mwilini.

Pagumu ni pale wanapokabidhiana. Dume hulivuta yai kwa mdomo hadi lipande juu ya miguu yake, kisha hulifunika kwa mkunjo wa ngozi ya tumbo. (Si mfuko kama wa kangaruu, ni ngozi tupu inayogusa ganda.) Likiteleza na kubaki kwenye barafu dakika chache, kiinitete kimeganda, basi. Mara nyingi jozi changa ndizo zinazolikosa hapo.

Baada ya hapo dume hulalia kwa siku 65 hivi bila kula, akisogea hatua fupifupi ndani ya kundi lililobanana ili yai lisidondoke. Kifaranga akitotolewa kabla mama hajarudi, baba humlisha ute mzito kama mtindi unaotoka kwenye umio wake. Huo unatosha siku chache tu. Mama akichelewa zaidi, baba humwacha kifaranga akaenda baharini, la sivyo wafe wote wawili.